Siku Jina la Kaka Litakaposomwa

9 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Mwandiko huu huujui. Mimi ni binti wa kaka yako, yule uliyekuwa ukimwita Kijiko. Ulipoondoka nilikuwa na miaka mitano; sasa nina thelathini na mmoja, na nauza dawa katika duka linalotazamana na hospitali. Mama alitutoka miaka minne iliyopita. Nilitaka kukujulisha wakati ule, nikakosa pa kuanzia. Anwani hii nimeikuta juzi nyuma ya kadi ya zamani ndani ya droo ya Baba, na naomba sanduku bado liwe lako. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na Baba, na tunaendelea kadiri moyo wake unavyoturuhusu.

Maana moyo ndio unaomsumbua. Miguu imevimba, na ngazi tatu za mlangoni anazipanda kwa kupumzika mara mbili. Lakini si ugonjwa ulionifanya nishike kalamu.

Unajua Baba ni mzee wa kanisa, na somo lake kubwa ni hukumu inayoendelea mbinguni. Kila mwaka hutundika ile picha aliyoichora mwenyewe, ya hema lenye vyumba viwili, akaonyesha kwa kijiti: hapa kinara, hapa meza, huku ndani sanduku la agano. Kisha anaeleza jinsi siku elfu mbili na mia tatu za unabii zilivyotimia, Kuhani wetu Mkuu akaingia chumba cha ndani, vitabu vikafunguliwa, na majina ya waliomkiri yakaanza kupitiwa moja baada ya jingine, kwanza ya waliolala mautini, halafu ya walio hai. Watu walikuwa wakitoka pale wamechangamka. Mwezi uliopita alifika kwenye vitabu, akanyamaza. Akaikunja picha, akarudi kukaa. Tangu siku hiyo hajafundisha.

Nilipomuuliza alisema, "Jina langu likifika, kuna ukurasa mmoja siwezi kuutazama." Nikauliza ukurasa gani. Akaniambia nimletee maji. Wiki hii, homa ilipompanda, alikuita kwa jina mara tatu.

Baba Mdogo, kuna nini kati yenu? Mimi nimekua nikiambiwa ulihama kutafuta kazi.

Ni mimi, mwanao.


2 Mei

Kijiko,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imekaa posta karibu wiki saba. Sanduku langu nalifungua nikikumbuka, na sikumbuki mara nyingi kwa kuwa hakuna anayeniandikia. Pole sana kwa mama yako. Alikuwa akinifulia mashati bila kuombwa, na alianza kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Habari hiyo nimekaa nayo kutwa nzima, kazi haikwenda.

Kazi yenyewe ni kushona viti vya mabasi. Niko gereji moja mwaka wa kumi na tisa huu. Natoa ngozi iliyochanika, nabadilisha sponji, nashona upya. Ungeona vitu ninavyovikuta chini ya viti. Mwaka huu nimekuta meno ya bandia, seti nzima ya juu. Nimeyaweka dirishani miezi mitatu na mwenyewe hajatokea. Nadhani anaona haya kuja kuyaulizia bila meno. Sijaoa. Afya ninayo, isipokuwa mgongo.

Sasa hilo uliloniuliza. Kaka yangu hajanikosea neno lolote. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo. Kama kuna aliyekosa ni mimi, na yeye ndiye aliyebaki na aibu ya kuwa na mdogo wa namna yangu. Nashangaa kwamba anaogopa. Hukumu hiyo mimi nilifundishwa na yeye, nimekaa benchi la mbele, na niliielewa vizuri mno, ndiyo maana sikurudi tena kanisani. Mtu akishajua matokeo yake, anakwenda kusikiliza nini?

Tusilifungue zaidi ya hapo, mwanangu. Mpe dawa kwa wakati, na miguu aiweke juu ya mto akikaa.

Baba yako mdogo.


20 Mei

Shikamoo Baba Mdogo.

Barua yako imefika. Mto nimemwekea. Dukani kuna pilikapilika, watoto wengi wana kikohozi, na mwenzangu amejifungua, kwa hiyo nasimama zamu mbili.

Unisamehe, nilimsomea Baba barua yako kwa sauti. Kwenye meno alicheka mpaka akakohoa, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka uanze. Nilipofika pale uliposema, "Kama kuna aliyekosa ni mimi," akainua mkono. Akataka nirudie. Nikarudia. Akauliza kama kweli ndivyo ulivyoandika au mimi namtia moyo tu. Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya mstari ule mara nne au tano, kisha akageukia ukutani, na mabega yakawa yanatikisika.

Nikamwita mchungaji wetu. Ni kijana bado, lakini ana maneno ya upole. Alimweleza kwamba hukumu haikuwekwa kuwategea watu mtego. Kwamba anayesimama kama Kuhani ndiye huyohuyo aliyejitoa kwa ajili yetu, na vitabu vinafunguliwa ili watu wake watetewe. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mchungaji, hayo nimeyafundisha kabla hujazaliwa. Wakili ninaye, sina shaka naye. Lakini wakili yule hatetei uongo."

Mchungaji hakumwelewa. Mimi pia sikumwelewa. Wewe unaelewa? Ulifanya nini, Baba Mdogo?

Kijiko.


11 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara tatu. Salamu nyingi kwako. Huku mvua zimekatika, na gereji vumbi tupu. Bosi ameleta mabasi manne kwa mpigo, kila kiti kimechanwa kana kwamba lilipanda kundi la paka.

Nitakueleza, usije ukayasikia kwa mtu wa nje. Baba yako alikuwa mpasuaji mkuu katika kiwanda cha mbao, mimi nikiwa msaidizi wake. Tulikuwa na mwenzetu wa rika langu, kazi yake kusukuma magogo kwenye msumeno. Ule msumeno wa duara ulikuwa na kinga ya chuma juu yake. Kinga ile ilitaka kurekebishwa kila mbao zikibadilika unene, nayo ilichelewesha kazi. Wiki ile tulikuwa tunapasua mbao za mabenchi ya kanisa jipya, na siku ya kufunguliwa ilikuwa mlangoni.

Wakati huo nilikuwa mlevi. Nakuambia bila kupamba. Asubuhi ile nilifika nimelewa tangu jana yake, nikaagizwa kusafisha mashine. Nakumbuka kitambaa na grisi mikononi. Halafu nakumbuka nimelala nyuma ya rundo la vumbi la mbao, na kilichoniamsha ni ukelele. Mwenzetu alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kinga haikuwepo.

Tulipohojiwa, kaka alisema aliniona nikiitoa ili nisafishe, na kwamba sikuirudisha. Mimi sikukumbuka. Lakini kaka yangu alikuwa mtu ambaye akikuambia saa ni nne hutazami saa. Nikasema ndiyo, ni mimi. Nilifukuzwa, na wiki haikuisha nikawa nimeondoka.

Tangu siku ile pombe haijagusa mdomo wangu. Kila mwaka, mwezi uleule, namwandikia mwenzetu kumwomba radhi, naye kila mwaka ananijibu kwa mstari mmoja: "Nilishakusamehe, usiandike tena." Namwamini. Tatizo ni kwamba jambo usilolikumbuka unaliungamaje mpaka liishe? Nimeliungama miaka ishirini na sita na kila nikiinuka naona bado lipo.

Sasa unajua. Usimsomee baba yako hii.


30 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, zote ni hii moja. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Barua yako niliificha wiki nzima kwenye kasha la bandeji. Jumatano nikarudi kazini nikamkuta Baba amekaa jikoni, anauliza kama umejibu. Sijawahi kumdanganya. Nikamsomea yote.

Nilipofika pale uliposema hukumbuki, alinishika mkono kwa nguvu nikadhani moyo umemshika. Akasema, "Hakujua? Muda wote huu hakujua?" Kisha akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema: "Kinga niliitoa mimi."

Aliitoa asubuhi ile, kabla hujafika, ili kazi iende haraka na mabenchi yawahi. Ulipokuja kusafisha haikuwepo. Walipomhoji, alikuwa na miezi miwili tangu awekwe wakfu kuwa mzee wa kanisa, mama ana mimba iliyoharibika baadaye, na wewe ulikuwa umelala kwenye vumbi, kila mtu amekuona. Akakutaja. Uliposema, "Ndiyo, ni mimi," akaamini unajua ukweli na umeamua kumbebea. Miaka yote hii amekuhesabu kuwa mtu mwema kuliko yeye, na kwa aibu ya wema huo hakuweza kukuandikia. Kumbe ulimwamini tu.

Alisema, "Nilidhani nimemwibia kazi. Nimemwibia amani yake. Mwandikie kwamba naomba anisamehe."

Nimemkasirikia, sikufichi. Nimempikia na kumpa dawa, lakini siku nne sikumtazama usoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kusema kweli, mpaka nikiwa mtoto nikarudisha penseli ya watu kilomita mbili kwa miguu.

Niandikie chochote. Hata matusi.

Kijiko.


28 Agosti

Shikamoo Baba Mdogo.

Julai imepita na Agosti inaisha. Sikulaumu. Barua hii haina swali ndani yake, nakupa habari tu.

Yule mwenzenu aliyekatwa vidole bado yuko mji huu. Anafuga kuku, na watu wanamwita Mzee wa Kuku. Jumapili ya pili ya Julai Baba alivaa koti, akasema anakwenda kwake. Nikataka kuita gari, akakataa; ni nyumba kumi na moja tu kutoka kwetu, na tulitumia karibu saa nzima. Mzee wa Kuku alikuwa anamwaga maji kwenye vyombo vya kuku wake. Baba alimwambia yote akiwa amesimama. Yule mzee hakuacha kumwaga maji mpaka chombo cha mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wako nimemsamehe zaidi ya mara ishirini. Wewe unapita hapa kila Sabato, hujawahi kuniomba hata mara moja." Baba akasema ni kweli. Yule akasema, "Basi nenda. Rudi Jumapili ijayo nikuone tena."

Tumekwenda Jumapili sita. Mara tatu za kwanza hakutukaribisha ndani. Mara ya nne alitoa viti. Jumapili hii alimpa Baba mkono, ule wa kulia, na hawakusema kitu juu yake, wakazungumza habari za kuku wanaokufa kwa mafua.

Kanisani pia alisimama. Alisema kwa dakika tatu hivi, akakutaja, akaomba uzee wa kanisa waupe mwingine. Wako waliolia, na wako walionung'unika kwamba mambo ya kale yaachwe kale. Mchungaji alimshika bega, wakatoka pamoja.

Analala vizuri zaidi, lakini mwili umeisha. Daktari amepunguza maneno, na mimi najua maana yake. Hajaniomba nikuandikie hivi.

Kijiko.


3 Oktoba

Kijiko,

Barua zako zote ziko mezani. Ile ya Juni niliisoma nimesimama pale posta, na nikatembea mpaka nikajikuta mtaa nisioujua. Mwezi mzima sikushona kitu cha maana. Bosi alidhani naumwa akanipa siku mbili.

Nimekasirika, mwanangu. Nina hasira ambayo sikujua mtu wa umri wangu anaweza kuwa nayo. Palikuwa na mwanamke, mpishi wa hoteli, alikuwa tayari kuolewa nami. Nilimwambia mimi si mtu wa kupewa familia, naweza kusahau kitu na mtu akaumia. Alisubiri mwaka mmoja na nusu. Hilo nani atalirudisha? Halafu nacheka peke yangu, maana niliacha pombe kwa kosa ambalo sikulifanya, na bila kosa hilo ningekuwa nimeshakufa. Sijui hata nimkasirikie nani kwa sehemu hiyo.

Nilimwandikia Mzee wa Kuku. Safari hii amejibu ukurasa mzima. Anasema misamaha yote aliyonipa haitaki irudi, niitumie nitakavyo.

Lakini kuna jambo moja nataka ulijue, wewe unayeamini. Kwa miaka hii yote nilipofikiria vile vitabu mbinguni, niliona vikifunguliwa na mimi nikiaibika mbele ya malaika. Haikunijia hata siku moja kwamba vinaweza kufunguliwa nikakutwa sina hatia. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba si mimi, naye alinyamaza. Huko juu iliandikwa sawasawa tangu asubuhi ile. Kaka alinifundisha hukumu nikaiogopa. Kumbe kwa mtu aliyesingiziwa, kusomwa kwa kitabu ni habari njema kuliko zote.

Sijamsamehe. Nimejaribu kuliandika neno hilo hapa ili limfikie, mkono umekataa. Mwambie nakuja. Nitapanda basi la Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Sijui nitasema nini nikifika.

Baba yako mdogo.


16 Novemba

Shikamoo Baba Mdogo, na pole ya safari na ya msiba.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Waliokuja kutufariji wameshaondoka, nami nimerudi dukani. Mzee wa Kuku huja jioni, anakaa barazani nusu saa, anaondoka. Hasemi sana, na mimi napenda hivyo.

Nilifurahi ulikaa mpaka mazishi. Ulipokuwa unashika jeneza upande wa mbele watu walitazamana, lakini wengi walikuja kukupa mkono, nimewaona.

Siku mbili kabla hajalala, Baba aliniomba nimletee ile picha ya hema. Nikaitandaza juu ya blanketi. Akaweka kidole kwenye chumba cha ndani, akasema, "Mwanangu, kumbe nilikuwa naionyesha kwa kijiti, nimesimama mbali." Alitulia kwa namna ambayo sijamwona nayo tangu niwe na akili. Kama tunavyoamini, hajui lolote sasa. Amelala mpaka atakapoitwa, na jina lake litapitiwa bila yeye kuhangaika. Hilo linanifariji.

Nina swali moja, na ukitaka usijibu. Mlikaa siku tatu na mlango umefungwa. Mlizungumza nini?

Kijiko.


7 Desemba

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Nimefika salama, nipo kazini. Umeniuliza kwa adabu, nitakujibu.

Siku ya kwanza hatukuzungumza. Aliuliza habari za mgongo wangu, nikauliza za miguu yake, tukaishia hapo kama wazee wawili wanaosubiri zamu kwa daktari. Siku ya pili nilisema mimi. Nilimwambia yote, na ya yule mpishi, kwa sauti ambayo nadhani uliisikia jikoni. Nilitaka ajitetee ili nizidi kukasirika. Hakujitetea. Alikuwa ananitazama tu, na nilipochoka akanisogezea glasi yake ya maji.

Siku ya tatu hakuniomba msamaha. Alisema ameshauomba kupitia kwako na hataki kunisukuma. Aliuliza kitu kingine: "Siku jina langu litakaposomwa, na wewe ukiulizwa, utasema nini?" Nikafikiri. Nikamwambia nitasema kweli yote. Kwamba aliitoa kinga, kwamba alinitaja mimi, kwamba alinyamaza miaka ishirini na sita. Na kwamba mwishoni alikwenda kwa miguu yake iliyovimba, nyumba kumi na moja, Jumapili hadi Jumapili, hakuna aliyemlazimisha. Akasema, "Yote hayo?" Nikasema yote. Akafumba macho akasema, "Basi sina ninachokiogopa." Nami hapohapo nikagundua kwamba nimemsamehe. Nikamwambia. Tukakaa, nimemshika mkono, mpaka ulipobisha mlango na uji.

Sabato iliyopita nilikwenda kanisani. Liko nyuma ya gereji, nimekuwa nikilipita kwa miaka kumi na tisa. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Baada ya wimbo wa pili wakaomba wageni wasimame wajitambulishe, na karani, mama mmoja mwenye daftari kubwa, akashika kalamu. Mguu mmoja ulishafika nje. Nikaurudisha. Nikasimama, nikataja jina langu lote, na la baba yangu, na la babu yangu. Yule mama akasema hakulipata vizuri, akaniomba nilirudie, nami nikalirudia, taratibu, mpaka akamaliza kuliandika.